MJADALA: Wilaya ya 10 ya Seneti ya Texas imepanguliwa mara mbili. Kalamu ya mipaka ibaki kwa maseneta wenyewe?

Mwanamipaka (mwanzisha mada)

Wakuu, naomba tujadili kwa kina nani anafaa kushika kalamu ya kuchora wilaya za seneti za majimbo ya Marekani. Natumia mfano mmoja tu, Wilaya ya 10 ya Seneti ya Texas, kwa sababu kumbukumbu zake za mahakamani ni nyingi na kila upande una hoja nzito.

Kwa asiyeifahamu mada: Texas ina seneti yake, mbali na ile ya Washington. Viti ni 31, idadi ambayo haijaguswa tangu katiba ya 1876. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 29,145,505. Ukigawa kwa 31, kila seneta anatakiwa kuwakilisha watu 940,178. Hao ni wengi kuliko wanaowakilishwa na mbunge mmoja wa Texas kule Washington, maana huko jimbo lina viti 38. Seneta wa jimbo la Texas basi si mtu wa kupuuzwa.

Wilaya ya 10 ilikuwa yote ndani ya kaunti ya Tarrant: sehemu kubwa ya Fort Worth, vipande vya Arlington, Mansfield na jirani zake. Kwa miaka mingi ilishikwa na Warepublican. Mwaka 2008 Wendy Davis, aliyekuwa diwani wa Fort Worth, alimwangusha Kim Brimer bila hata kufikisha asilimia 50, kwa kuwa kulikuwa na mgombea wa tatu. Alishinda kwa kura za Weusi na Walatino pamoja na sehemu ya Wazungu.

Ramani ya 2011 ikaipangua wilaya hiyo. Weusi wa Fort Worth wakatupwa Wilaya ya 22, inayoshuka kusini hadi kaunti ya Falls. Walatino wa upande wa kaskazini wa mji wakaingizwa Wilaya ya 12, ya vitongoji vya upande wa Denton. Waliobaki kusini mashariki mwa Tarrant wakaachwa ndani ya Wilaya ya 10 mpya ambamo hawangeweza kuamua lolote. Mahakama ya San Antonio iliirudisha wilaya kwa muda ili uchaguzi wa 2012 ufanyike, na Davis akashinda tena. Tarehe 28 Agosti 2012 majaji watatu wa Washington wakasema Texas imeshindwa kuthibitisha kwamba haikukusudia ubaguzi ilipoipangua Wilaya ya 10.

Mwaka 2021 wakarudia. Safari hii walichukua sehemu ya Fort Worth wakaiunganisha na kaunti saba, nzima au vipande: Parker, Johnson, Palo Pinto, Stephens, Shackelford, Callahan na Brown. Kutoka katikati ya Fort Worth hadi Brownwood, makao ya kaunti ya Brown, ni karibu kilomita 200 kwa barabara. Beverly Powell, aliyekuwa amekishinda kiti hicho mwaka 2018, alijitoa Aprili 2022 kwa kuona hakuna njia ya kushinda. Phil King akakichukua.

Kinachonisumbua zaidi ni hiki: kwa sensa ya 2020 wilaya ya zamani ilikuwa na watu karibu 945,000. Hiyo ni chini ya asilimia moja juu ya wastani. Haikuwa imejaa wala kupungua, na kwa idadi ya watu hapakuwa na sababu hata moja ya kuigusa.

Msimamo wangu: anayegombea kiti asichore mipaka ya kiti hicho, kazi hiyo ipewe tume. Karibuni.

Mshika_Sheria

Mkuu, historia umeipanga vizuri, ila umeruka mambo mawili yanayobadilisha picha.

La kwanza, uamuzi wa Agosti 2012. Ulitolewa chini ya kifungu cha 5 cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965, ambapo Texas ilitakiwa kupata kibali cha awali kabla ya kutumia ramani yoyote, na mzigo wa ushahidi ulikuwa juu ya jimbo. Kwa hiyo "Texas imeshindwa kuthibitisha" si sawa na "imethibitishwa kwamba Texas ilibagua". Tena majaji hao hao hawakukubali kwamba Wilaya ya 10 ya zamani ilikuwa wilaya ambamo Weusi na Walatino wana uwezo uliothibitika wa kumchagua wanayemtaka. Walichoona jimbo limeshindwa kukithibitisha ni kutokuwa na nia ya ubaguzi, kutokana na jinsi mchakato ulivyoendeshwa.

Halafu tarehe 25 Juni 2013 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Shelby County, ikafuta orodha ya majimbo yaliyolazimika kuomba kibali. Toka hapo mzigo ukahama. Anayelalamika ndiye anayetakiwa kuthibitisha.

La pili, mwaka 2019 katika kesi ya Rucho Mahakama ya Juu ilisema mahakama za shirikisho hazina kipimo cha kuhukumu mipaka iliyochorwa kwa faida ya chama. Kwa hiyo walalamikaji wa 2021 walitakiwa kuonyesha kwamba ni rangi iliyosukuma kalamu, si chama. Jopo la majaji watatu lililokaa El Paso lilikataa kuisimamisha ramani Februari 2022, kwa kuwa maelezo ya chama yalikuwa na nguvu kuliko ya rangi. Seneta Joan Huffman, aliyesimamia uchoraji, alisema ramani zilichorwa bila kuangalia rangi za watu.

Mimi siisifii ramani ile. Nasema tu kwamba chama kilichochaguliwa na watu kilitumia mamlaka ambayo katiba ya jimbo inakipa. Na msije mkadhani ni tabia ya chama kimoja. Mwaka 1971 ofisi zote kuu za Texas zilikuwa mikononi mwa Wademocrat. Someni walichokifanya kwa wilaya ya seneta Mweusi Barbara Jordan kule Houston.

Hesabu_Kwanza

Naona watu wanauliza kwa nini kiti kimoja kati ya 31 kipigiwe vita miaka kumi. Jibu liko kwenye kanuni za ukumbini, na bila hizo mada hii haieleweki.

Kwa miongo mingi Seneti ya Texas iliweka mswada wa kizuizi juu kabisa ya orodha. Mswada huo hauna anayenuia kuupitisha. Kazi yake ni kukaa pale. Ili mswada mwingine uufikie ukumbi, theluthi mbili ya maseneta walipaswa kukubali uruke foleni. Kwa ukumbi uliojaa hizo ni kura 21. Maana yake, maseneta 11 wakishikamana, mswada haujadiliwi.

Sasa fuata namba:

Kati ya 2009 na 2014 Wademocrat walikuwa 12, mmoja zaidi ya wale 11 wa kuzuia, Davis akiwemo. Davis alipoacha kiti akagombee ugavana 2014, Konni Burton wa Republican alikichukua, na Warepublican wakafika 20. Januari 2015 kanuni ikashushwa kutoka theluthi mbili hadi tatu kwa tano, yaani kura 19. Uchaguzi wa 2018 ulimleta Powell, Warepublican wakabaki 19, wakiwa bado wanatosha kwa kanuni mpya. Uchaguzi wa 2020 ukawashusha hadi 18. Januari 2021 kanuni ikashushwa tena, hadi tano kwa tisa. Tano kwa tisa ya 31 ni 17.2, yaani kura 18.

Miezi tisa baadaye Wilaya ya 10 ikapanguliwa, na 2022 wakarudi 19.

Nionavyo mimi, shabaha ya 2021 haikuwa kuishinda Seneti, maana walikuwa nayo. Ilikuwa kupata kura moja ya akiba juu ya 18, ili Republican mmoja akigoma au akiugua kazi isisimame.

Kuhusu Davis, watu wengi wanakumbuka hotuba ya 25 Juni 2013 lakini hawajui kwa nini ilihitajika. Mswada ule wa kubana utoaji mimba ulikwama kwenye kikao cha kawaida kwa sababu ya theluthi mbili. Ukaletwa kwenye kikao maalumu, ambako mswada wa kizuizi haukuwekwa. Silaha iliyobaki ilikuwa kusema hadi saa 6 usiku kikao kife. Kanuni zinamtaka msemaji asimame asiegemee kitu, asile, asinywe, asiende msalani, na asitoke nje ya mada. Akionywa mara tatu, ukumbi unaweza kupiga kura kumkatisha. Davis alianza saa 5 na dakika 18 asubuhi. Onyo la pili alilipata kwa sababu Seneta Rodney Ellis wa Wilaya ya 13, Houston, alimsaidia kufunga mkanda wa kutegemeza mgongo. Onyo la tatu lilikuja kwenye saa 4 usiku. Mabishano ya taratibu na kelele za watu roshani zikala muda uliobaki, kura ikaishia baada ya saa 6 usiku, mswada ukafa siku ile. Mwezi uliofuata ukapitishwa kwenye kikao kingine maalumu.

Siku hiyo hiyo, asubuhi, ndiyo Shelby County iliamuliwa. Kinga ya kisheria ya Wilaya ya 10 iliondoka muda mfupi kabla seneta wake hajasimama ukumbini. Kesho yake gavana alitia saini ramani iliyoibakiza wilaya kama mahakama ya San Antonio ilivyoirudisha, na ndiyo sababu ikaishi hadi 2021.

Msomaji_Nairobi

Ndugu zangu, swali la haraka. Kenya kila kaunti ina seneta wake mmoja wa kuchaguliwa, Lamu kwa Nairobi, hakuna wa kuchora wala kufuta. Kwa nini majimbo ya Marekani yasifanye hivyo, ugomvi ukaisha?

Mshika_Sheria

Ndugu Msomaji, walishafanya, na ndicho kilichokatazwa.

Katiba ya Texas ya 1876 ilisema wilaya za seneti zigawanywe kwa idadi ya wapiga kura, lakini hapo hapo ikaongeza kwamba hakuna kaunti itakayopata seneta zaidi ya mmoja. Miji ilipokua, sentensi hiyo ya pili ikaimeza ya kwanza. Sensa ya 1960 iliikuta kaunti ya Harris, yaani Houston, na watu 1,243,158. Jimbo zima lilikuwa na 9,579,677, kwa hiyo wastani wa wilaya ulikuwa kama 309,000. Harris ilistahili maseneta wanne. Ilikuwa na mmoja.

Na Texas haikuwa mbaya kuliko wote. California kila kaunti haikuweza kuzidi seneta mmoja, na Los Angeles yenye watu zaidi ya milioni 6 ilikuwa na seneta mmoja, sawa na Alpine, Inyo na Mono ambazo zote tatu kwa pamoja zilikuwa na watu 14,294. Ndipo Juni 1964, katika kesi ya Reynolds dhidi ya Sims iliyotoka Alabama, Mahakama ya Juu ikaamua kwamba mabunge yote mawili ya jimbo lazima yafuate idadi ya watu. Hoja ya "mbona Seneti ya Washington inatoa viti sawa kwa kila jimbo" ilikataliwa: majimbo yalikuwa na mamlaka yao kabla ya kuungana, kaunti ni vitengo vilivyoundwa na jimbo lenyewe.

Kenya mliamua tofauti, kwamba Seneti ni sauti ya kaunti na Bunge la Taifa ni sauti ya idadi. Huo ni uamuzi halali wa katiba yenu. Kwa Texas yenye kaunti 254, ambapo Harris ilikuwa na watu 4,731,145 mwaka 2020 na Loving ilikuwa na 64, mpango huo haufanyi kazi hata ungeruhusiwa.

Mwanamipaka

Mshika_Sheria umemgusa Barbara Jordan, basi tummalizie, maana kwake ndipo uhusiano wa mipaka na uwakilishi unapoonekana wazi kuliko popote.

Jordan aligombea Baraza la Wawakilishi la Texas mara mbili, 1962 na 1964, akashindwa zote. Wagombea wa Harris walipigiwa kura na kaunti nzima, kwa hiyo kura za Fifth Ward, mtaa wa Houston alikozaliwa, zilizama kwenye kaunti ya zaidi ya watu milioni. Baada ya Reynolds, ramani ya 1965 iliigawa Harris katika wilaya kadhaa za seneti. Ya 11 ilikusanya maeneo ya Weusi pamoja na Walatino na Wazungu wa tabaka la wafanyakazi. Mwanzoni mwa 1966 mahakama zikafuta kodi ya kupiga kura, ambayo Texas ilikuwa ikiitoza kwa dola 1.75. Mwaka huo huo Jordan akashinda. Alikuwa Mweusi wa kwanza katika Seneti ya Texas tangu 1883, na mwanamke Mweusi wa kwanza katika bunge la jimbo hilo. Mgombea ni yule yule, mji ni ule ule. Kilichobadilika ni mipaka na kodi.

Mwaka 1971 wilaya ile ikapanguliwa. Jordan akaenda Washington kupitia wilaya mpya ya 18 ya Kongresi, na Curtis Graves, mbunge mwenzake Mweusi wa Houston, akamshutumu hadharani kwamba ameacha kiti cha seneti kivunjwe ili yeye apate cha Kongresi. Graves alimkabili kwenye mchujo wa 1972 akashindwa vibaya. Hata hivyo ukweli unabaki: kuanzia 1973 hadi 1983 Seneti ya Texas haikuwa na Mweusi hata mmoja. Aliyevunja ukimya ni Craig Washington, Wilaya ya 13. Mwaka 1989 Mickey Leland, aliyemrithi Jordan Kongresi, alikufa kwenye ajali ya ndege Ethiopia akienda kambi ya wakimbizi. Washington akachukua nafasi yake, na Wilaya ya 13 ikaenda kwa Rodney Ellis.

Kwa hiyo nakubaliana nawe kabisa, mkuu. Waliofanya 1971 ni Wademocrat. Hilo linaitia nguvu hoja yangu, haliipunguzi: tatizo ni kalamu kukaa kwa mwenye maslahi, awe wa chama gani.

Upande_wa_Arlington

Nawaomba msiache jambo linalowagusa moja kwa moja Waswahili wa Texas, wale ambao hawajapata uraia.

Wilaya hizi huchorwa kwa idadi ya watu wote. Mtoto anahesabiwa, mwenye green card anahesabiwa, mkimbizi wa Kongo aliyeletwa Fort Worth mwezi mmoja kabla ya sensa anahesabiwa. Walijitokeza wapiga kura wawili, Sue Evenwel wa Wilaya ya 1 na Edward Pfenninger wa Wilaya ya 4, wakadai kwamba wahesabiwe wenye sifa ya kupiga kura tu. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Kwa idadi ya watu wote, pengo kati ya wilaya kubwa na ndogo kabisa lilikuwa asilimia 8.04. Kwa idadi ya wapiga kura, pengo lilipita asilimia 40, kwa kuwa wilaya za vijijini zina wapiga kura wengi kwa kila seneta.

Aprili 2016 Mahakama ya Juu iliwakatalia kwa kauli moja ya majaji wanane. Ilisema jimbo linaruhusiwa kutumia idadi ya watu wote, maana seneta anamtumikia kila anayeishi wilayani, si waliompigia kura tu. Ila haikusema kwamba jimbo linalazimika. Mlango ule umeachwa bila kufungwa, na siku Texas ikiamua kuhesabu wapiga kura tu, mitaa yenye wageni na watoto wengi itapoteza viti.

Kwa hiyo kujaza sensa ni uwakilishi hata kwa asiyepiga kura. Ila msichanganye kuhesabiwa na kupiga kura. Ukiulizwa kwenye fomu ya kujiandikisha kupiga kura kama wewe ni raia, nawe si raia, jibu hapana na uiache hapo. Asiye raia akijiandikisha anaweza kushtakiwa na kufukuzwa nchini. Mkimbizi anayepata green card, tarehe yake inarudishwa nyuma hadi siku aliyoingia, kwa hiyo miaka mitano ya kuomba uraia inaanzia hapo. Akishaapa, ajiandikishe kaunti siku zisizopungua 30 kabla ya uchaguzi. Kadi ya mpiga kura ina namba ya wilaya ya seneti. Ikija kadi mpya baada ya ramani kubadilishwa, linganisheni namba ya zamani na mpya. Wengi wamekuwa wakimwandikia barua seneta ambaye si wao tena.

Msomaji_Nairobi

Asante dada. Kumbe hapo mnafanana na sisi: ibara ya 89 ya katiba yetu inagawa wakazi wote kwa idadi ya maeneo bunge, si wapiga kura. Tofauti ni kwamba huku anayechora ni tume, na inaruhusiwa kupishana na wastani kwa asilimia 40 mijini na kwenye maeneo yenye watu wachache, 30 kwingineko. Huko naona ni kali zaidi.

Mshika_Sheria

Ni kali, ndugu, lakini si kama watu wanavyodhani. Desturi ni pengo la jumla lisizidi asilimia 10 kati ya wilaya kubwa na ndogo kabisa. Wachoraji wengi huichukua hiyo kama ruhusa ya bure. Georgia ilijaribu baada ya sensa ya 2000, Wademocrat wakiwa na kalamu: wilaya za wapinzani zikajazwa watu, za kwao zikapunguzwa, pengo likafika asilimia 9.98. Mahakama ikaifuta ramani hiyo 2004 kwa sababu tofauti zilipangwa kwa makusudi, hazikutokana na mpaka wa kaunti au mto.

Sasa nirudi kwenye tume, maana mwanzisha mada anaitaja kama dawa. Angalia vikwazo.

Texas haina utaratibu wa wananchi kukusanya saini na kupeleka mabadiliko ya katiba kwenye kura. California waliweza 2008 kwa sababu wanao; tume yao ina watu 14, Wademocrat 5, Warepublican 5 na 4 wasio wa vyama hivyo viwili. Arizona waliweza 2000 kwa njia hiyo hiyo. Texas mabadiliko ya katiba huanzia bungeni, na yanahitaji theluthi mbili ya kila upande: wabunge 100 kati ya 150, maseneta 21 kati ya 31. Unamwomba mwenye kalamu aikabidhi kwa hiari.

Pili, tume nazo hukosea. Michigan walipata tume ya watu 13 kwa kura ya 2018. Ilitaka kulinganisha nguvu za vyama, ikachukua mitaa ya Weusi wa Detroit ikaigawa mikanda mirefu iliyotoka mjini hadi vitongojini. Desemba 2023 mahakama ikafuta wilaya 13 za bunge la jimbo, 6 kati yake za seneti, kwa kuwa rangi ndiyo iliyoongoza mistari. Nia ilikuwa njema, na wapiga kura wa Detroit wakaumia vile vile.

Mwanamipaka

Michigan nakukubalia. Ila tazama tofauti ya kurekebisha: tume iliambiwa ichore upya, ikachora, na wilaya za seneti zikawa tayari kwa uchaguzi wa 2026. Hakuna mjumbe aliyekuwa na kiti cha kulinda. Wilaya ya 10 ilihitaji mapambano ya kila muongo, na mara ya pili ikapotea.

Niseme pia jambo ambalo halijatajwa. Kel Seliger, Republican wa Amarillo, ndiye aliyeongoza kamati ya mipaka ya Seneti mwaka 2011. Mwaka 2021 alitoa tamko la kiapo kwamba, kwa kuwa alishiriki zile kazi za 2011 na 2013 na kuusoma uamuzi wa mahakama, ilikuwa dhahiri kwake kuwa jaribio jipya la kuivunja Wilaya ya 10 linakiuka sheria. Huyo si mpinzani anayelia kwa kushindwa. Ni fundi wa ramani ile ya kwanza.

Kama tume kamili haiwezekani Texas, ninatetea hatua ndogo ya mfano wa Iowa. Tangu 1980 wataalamu wa ofisi ya huduma za bunge huchora, sheria inawakataza kutazama anwani za wabunge, matokeo ya uchaguzi na uanachama wa wapiga kura. Bunge linapiga kura ya ndiyo au hapana. Hiyo ni sheria ya kawaida, haihitaji kugusa katiba.

Mshika_Sheria

Na sheria ya kawaida hufutwa na sheria ya kawaida, mkuu. Iowa imedumu kwa desturi ya watu wake, si kwa nguvu ya kisheria.

Mwanamipaka

Kweli. Lakini kuifuta hadharani kuna gharama ya kisiasa. Leo hakuna cha kufuta, kwa hiyo hakuna gharama.

Hesabu_Kwanza

Wakati mnabishana juu ya nani achore, kalenda ya safari ijayo inajulikana, na ndiyo inayoamua. Niiweke hapa kwa wanaoishi Texas.

Sensa ni 1 Aprili 2030. Takwimu za kuchorea, zile za hadi kiwango cha mtaa mmoja, sheria ya shirikisho inataka zifike jimboni ndani ya mwaka mmoja. Bunge la Texas hukaa siku 140 kuanzia Jumanne ya pili ya Januari, kwa hiyo kikao cha 2031 kinaisha 2 Juni. Dirisha ni kama miezi miwili. Mwaka 2021 takwimu zilichelewa hadi 12 Agosti, kikao cha kawaida kilikuwa kimeisha 31 Mei, ndiyo maana ramani ikapitishwa kwenye kikao maalumu na bunge likalazimika kuipitisha tena 2023 ili kuziba hoja ya kikatiba.

Bunge likishindwa kupitisha ramani ya seneti, kazi inahamia kwa Bodi ya Mipaka ya watu watano: naibu gavana, spika, mwanasheria mkuu, msimamizi wa fedha na kamishna wa ardhi. Iliwekwa kwa mabadiliko ya katiba ya 1948 kwa sababu bunge lilikaa miaka 30, 1921 hadi 1951, bila kuchora upya. Lazima ikutane ndani ya siku 90 baada ya bunge kufungwa na imalize ndani ya siku 60. Wanne kati ya hao watano wanachaguliwa na wapiga kura wa jimbo zima Novemba 2030. Kamishna wa ardhi ni nafasi ambayo wapiga kura wengi huiruka kwenye karatasi, na ana kura moja kati ya tano ya kuchora seneti nzima.

Anayetaka kutoa ushahidi kwenye kamati, asiende kusema "msitugawe" akaishia hapo. Apeleke mambo manne: mipaka ya mtaa wake kwa majina ya barabara, idadi ya watu wa wilaya ya sasa na tofauti yake na wastani, sababu zinazowaunganisha wakazi (shule, hospitali, njia za mabasi, soko), na ramani mbadala iliyotimia hesabu. Kukosa hilo la nne ndiko kunakoangusha kesi nyingi. Toka uamuzi wa Mei 2024 wa kesi ya South Carolina, mahakama inatarajia mlalamikaji aonyeshe ramani nyingine inayotimiza lengo lile lile la chama bila kuwagawa watu kwa rangi. Asipokuwa nayo, inachukuliwa kana kwamba ramani ya namna hiyo haiwezekani.

Ramani hiyo inatakiwa iwekwe kwenye kumbukumbu kabla kura haijapigwa ukumbini, ili baadaye mchoraji asiweze kusema hakuiona.